Maji ya Kisima na Hedi ya Alumini

Katika tambarare za Athi na Kapiti, ambako mji wa Kitengela umetanda kando ya barabara iendayo Namanga, injini kongwe huharibiwa na maji kabla ya kuharibiwa na joto, ingawa dalili ya kwanza anayoiona mwenye gari huwa ni mshale wa kipimajoto unaopanda kuelekea alama nyekundu. Chanzo cha joto hilo huwa kimekaa ndani ya injini kwa miezi au miaka, kikila metali taratibu, na fundi anayeziba tobo bila kuuliza ni maji gani yaliyokuwa yakimiminwa ndani ya rejeta hujikuta akiirudia kazi ileile. Kwa mwenye gari la kisasa kosa hilo hugharimu fedha tu, kwa kuwa kipuri kingine kitapatikana dukani; kwa mwenye gari lililotengenezwa miaka ya 1960 au 1970 laweza kugharimu injini yenyewe, kwani vipande vingi vya mfumo wa kupozea injini vya wakati huo vimeadimika, na gari jingine la aina hiyo haliingii nchini kwa njia ya kawaida kutokana na kiwango cha Kenya cha KS 1515, kinachozuia uingizaji wa magari yaliyopita umri wa miaka minane.

Magari yanayohusika si mageni kwa wasomaji wenye umri. Peugeot 404 lilishinda mbio za Safari Rally mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa mkazi wa Tanzania. Gari lililolifuata, Peugeot 504, likashinda mwaka 1975 na 1978, likaunganishwa humu nchini, na likabeba abiria wa masafa marefu kwa miaka mingi. Datsun 240Z lilishinda mwaka 1971 na 1973, na Land Rover, ambalo sifa yake haikutegemea mashindano, lilifika manyatta na maboma ambayo magari mengine hayakuthubutu kuyafuata. Mengi ya magari hayo yamekwisha kuwa chuma chakavu, lakini yaliyosalia yana wenyewe wanaoyaenzi, na kila mwaka baadhi yake huonekana yakiwa yamesuguliwa hadi kung'aa katika maonyesho ya Concours d'Elegance yanayoandaliwa na Alfa Romeo Owners Club kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Volkswagen, lililoshinda Safari Rally mwaka 1962, halina nafasi katika makala haya kwa sababu injini yake hupozwa na hewa, na huenda ndiyo maana wenye magari hayo hulala usingizi mzito zaidi.

Mfumo wenyewe ni rahisi kuueleza. Pampu ya maji, inayozungushwa na mkanda, husukuma maji kupitia mifereji iliyoachwa ndani ya bloku, yaani kiwiliwili cha injini kinachobeba silinda, na ndani ya silinda hedi, ambayo mafundi huiita hedi tu, nayo ni kile kifuniko kizito kinachokaa juu ya bloku na kubeba valvu. Maji yakishapata moto hupita kwenye kasha la thamostati, ambayo ni valvu inayofunguka yenyewe joto linapovuka nyuzi 80 za Selsiasi, kisha huingia ndani ya rejeta yakapozwa na upepo na kurudi kwenye pampu. Ugumu uko kwenye metali zenyewe. Bloku ya Peugeot 404 na 504 imetengenezwa kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, ilhali hedi yake ni ya alumini. Mirija ya rejeta ni ya shaba nyekundu, matangi yake ni ya shaba ya manjano, na vyote vimeshikanishwa kwa lehemu ya risasi na bati. Land Rover la petroli la lita 2.25 lina bloku na hedi za chuma cha kusubu, hivyo huvumilia zaidi, lakini kasha lake la thamostati ni la alumini, na hapo ndipo maradhi yake huanzia.

Metali mbili tofauti zikigusana na kuloweshwa kwa maji yenye chumvi hufanya betri, na katika betri hiyo metali iliyo tayari zaidi kupoteza elektroni ndiyo inayolika huku nyingine ikisalimika. Miongoni mwa metali zilizotajwa, alumini ndiyo inayojitoa kwa urahisi zaidi, na kinachoilinda ni utando mwembamba wa oksidi unaojijenga juu yake kila inapokutana na hewa au maji. Utando huo una masharti: hudumu maji yakiwa karibu na hali ya kati, lakini huyeyuka maji yakiwa na tindikali kali, yakishuka chini ya kiasi cha 4 kwa kipimo cha pH, na huyeyuka vilevile maji yakiwa na magadi mengi na kupita 8.5 au 9. Sharti hilo la pili ndilo linaloifanya Kaunti ya Kajiado kuwa mahali pa mtihani kwa hedi ya alumini.

Chini ya Kitengela na Athi River kuna miamba ya volkano, ukiwemo ule uitwao fonolaiti ya Kapiti, na maji yanayopita katika miamba ya namna hiyo hubeba bikaboneti ya sodiamu pamoja na floraidi, ambayo Shirika la Afya Duniani limependekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita katika maji ya kunywa, na ambayo ndiyo huyatia meno ya wenyeji wengi wa maeneo haya rangi ya kahawia. Maji yenye floraidi nyingi kwa kawaida huwa na kalisi kidogo, kwa hiyo sabuni hutoa povu bila taabu na birika halijengi gamba nene, jambo linalomfanya mwenye gari aamini kwamba amepata maji mazuri. Yakichemshwa ndani ya injini, bikaboneti hiyo hutoa gesi ya kaboni na kubaki kaboneti, na kadiri gesi inavyotoka ndivyo maji yanavyozidi kuwa na ukali wa magadi. Hali hiyo haikidhuru sana chuma cha kusubu, ambacho hujikinga vizuri katika maji ya magadi, bali huishambulia alumini, na matokeo yake ni kwamba fundi hufungua injini akakuta bloku nzima na hedi iliyooza. Kwa maneno mengine, meno ya kahawia ya watoto wa jirani ni onyo tosha kwa mwenye Peugeot asitie maji ya kisima hicho katika rejeta yake.

Mambo hubadilika barabara inapoelekea kusini kupita Isinya hadi mji wa Kajiado na Bissil. Huko miamba ni ya kale zaidi, na ndani yake mna mikanda ya marumaru na mawe ya chokaa ambayo yameendesha machimbo na kulisha viwanda vya saruji kwa miaka mingi. Maji yapitayo katika chokaa huwa magumu, na yakipashwa moto huacha gamba jeupe la kaboneti ya kalisi kwenye kuta za mifereji, hasa mahali penye joto kali, nyuma ya vyumba vya mwako na kuzunguka valvu za kutolea moshi. Gamba hilo halipitishi joto vizuri, na chini yake alumini huchimbika vishimo ambavyo havionekani mpaka gamba litolewe. Wakazi wanaonunua maji kutoka kwenye maboza, yaani malori ya kusambaza maji, aghalabu hawajui kama leo wameletewa maji ya aina ya kwanza au ya pili.

Tabia ya kuongeza maji kidogo kila asubuhi huzidisha madhara. Ziwa Magadi limejaa magadi kwa sababu maji huingia kutoka chemchemi na hayana pa kutokea ila angani, kwa hiyo mvuke huondoka na chumvi hubaki ikijilimbikiza. Rejeta inayovuja mvuke na kujaziwa maji ya kisima kila siku ni Ziwa Magadi dogo lililofungiwa chini ya boneti. Mwinuko wa nchi nao huchangia, kwani Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako maji ya wazi huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Kifuniko cha rejeta, ambacho kina springi inayozuia mvuke kutoka mpaka shinikizo lifike kiwango fulani, ndicho kinachofidia upungufu huo, kwa kuwa kila pauni moja ya shinikizo kwa inchi ya mraba hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi moja na nusu au zaidi kidogo. Kifuniko kilicholegea ni kipuri cha bei ndogo kinachoua hedi ya bei kubwa, na ni ajabu kwamba hicho ndicho cha mwisho kushukiwa katika gereji nyingi.

Ulikaji, neno linalotumika hapa kwa uharibifu wa metali yoyote kwa njia ya kemia, hutambulika kabla ya kufungua injini. Unga mweupe unaochomoza kwenye mdomo wa kasha la thamostati, mahali mpira wa rejeta unapobanwa kwa klipu, huonyesha kwamba maji yamepenya kati ya mpira na alumini na yanakula katika ufa ambao hewa haifiki. Maji ya rangi ya kutu huonyesha kwamba bloku inalika. Mafuta yaliyogeuka rangi ya maziwa ni habari mbaya zaidi, kwa kuwa huashiria kwamba gaskiti ya hedi, au sili zinazoziba chini ya silinda za Peugeot, zimeshindwa kuyazuia maji. Silinda za injini hizo ni mirija ya kuchomeka inayozungukwa na maji moja kwa moja, na anayenyanyua hedi kisha akazungusha injini kabla ya kuibana mirija hiyo huweza kuitikisa na kuvujisha maji hadi kwenye mafuta.

Kazi ya kufungua ndiyo hudai subira kuliko zote, kwa kuwa stadi, yaani zile bolti zisizo na kichwa zinazosimama kwenye bloku, hushikwa na unga wa ulikaji katika matundu ya alumini kana kwamba zimechomelewa. Fundi mwenye haraka huongeza urefu wa spana na kuikata stadi, halafu hutumia siku nzima kutoboa kipande kilichobaki kwa keekee, na akipotoka kidogo huharibu tundu lenyewe. Njia iliyo salama hutumia tofauti ya metali hizo: alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, hivyo kupasha moto kasha la thamostati taratibu, kuliacha lipoe, kutia mafuta ya kupenyeza au nta ya mshumaa ambayo huyeyuka na kunyonywa ndani ya ufa, na kurudia mzunguko huo mara kadhaa, hulegeza kile ambacho nguvu za mikono zingekivunja. Moto usizidi, kwani alumini haigeuki nyekundu kabla ya kuyeyuka, na wengi wamemwaga kasha zima chini wakisubiri rangi ambayo haiji.

Baada ya kufungua, kila kipande husafishwa ili ionekane ni kiasi gani cha metali kilichosalia. Tindikali ya haidrokloriki, inayotumiwa na baadhi ya mafundi wa rejeta kwa sababu hula gamba la chokaa kwa dakika chache, haifai kabisa kuingizwa katika injini yenye hedi ya alumini, kwa kuwa huila hedi vilevile. Tindikali ya malimau iliyochanganywa na maji mengi huchelewa zaidi lakini humwachia mtu injini, mradi isikae humo muda mrefu na isuuzwe vizuri baadaye. Rejeta ya zamani ina faida ambayo rejeta za leo za plastiki na alumini hazina: fundi huweza kuyeyusha lehemu, kuyaondoa matangi ya juu na ya chini, kupitisha fito nyembamba katika kila mrija mpaka mwanga uonekane upande wa pili, kisha kuyarudisha matangi na kuyalehemu upya. Kazi hiyo ya mikono inastahili kuendelea kuwapo, na inasikitisha kwamba ni vijana wachache wanaojifunza.

Hedi iliyolika kuzunguka matundu ya maji inaweza kuokolewa ikiwa ulikaji haujafika kwenye pete ya moto, yaani ule ukingo wa gaskiti unaozunguka kila silinda na kuhimili mlipuko. Sehemu zilizooza huchimbwa mpaka metali ing'aayo ionekane, hedi hupashwa joto hadi nyuzi 150 hivi ili mafuta na unyevu uliojificha utoke na ili isipasuke kwa tofauti ya joto, kisha vishimo hujazwa kwa kuchomelea chini ya gesi ya agoni, inayozuia hewa isichafue alumini iliyoyeyuka, kwa kutumia waya wa kujazia wenye silikoni kiasi cha asilimia 5. Hedi ikipoa polepole hupelekwa kuskimiwa, yaani kunyolewa uso kwa mashine mpaka unyooke, na hapo busara hutakiwa, kwa kuwa kila unyoaji hupunguza unene wa hedi, huongeza mgandamizo wa mchanganyiko wa petroli na hewa, na hauwezi kurudiwa bila kikomo. Hedi iliyokwisha kunyolewa na fundi wa kwanza, wa pili na wa tatu haina cha kumpa wa nne. Gundi ya chuma, ile inayochanganywa kutoka mirija miwili, hufaa kujazia vishimo vidogo kwenye mdomo wa mpira wa rejeta ili klipu ibane vizuri, lakini haina kazi kwenye uso wa gaskiti, na anayeiweka hapo anauza muda tu.

Kasha la thamostati lililokwisha kutoboka ni heri lisubiwe jipya. Kazi hiyo haihitaji kiwanda kikubwa, kwa kuwa mafundi wa jua kali wa Nairobi, wakiwemo wale wa Kariobangi Light Industries, wamezoea kusubu alumini katika mchanga. Kasha la zamani, likishajazwa na kunyooshwa, huweza kutumika kama kielelezo, ila kielelezo hakina budi kuongezwa unene, kwani alumini hunywea kwa zaidi kidogo ya asilimia 1 inapoganda, na nyuso za gaskiti zitapunguzwa tena kwenye mashine ya kukerezea. Chanzo cha alumini nacho kina uzito wake: pistoni na makasha ya gia yaliyochakaa yana silikoni inayoifanya metali itiririke vizuri hadi kwenye pembe nyembamba za kalibu, ilhali sufuria kuukuu ni alumini laini isiyofaa kushika uzi wa bolti.

Vile vifuniko vidogo vya duara vilivyopigiliwa ubavuni mwa bloku, vinavyoitwa welchi plagi, viliwekwa kuziba matundu yaliyotumika kutolea mchanga wa kusubia, na kwa kuwa ni bati jembamba la chuma hutoboka kutoka ndani. Vya shaba ya manjano hudumu zaidi na bei yake haitishi. Pampu ya maji hudai bearingi na sili mpya, na tobo dogo chini ya shingo yake lisizibwe kamwe, kwani liliwekwa ili maji yanayopita sili iliyokufa yatoke nje badala ya kuingia kwenye bearingi.

Desturi moja iliyoenea Afrika Mashariki hubatilisha kazi yote hiyo, nayo ni kuitupa thamostati kwa madai kwamba ni kifaa cha nchi za baridi. Injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto katika asubuhi za Julai, ambazo wakazi wa tambarare hizi wanajua zilivyo, na injini inayofanya kazi ikiwa baridi huchakaza silinda zake na kujaza tope katika mafuta. Zaidi ya hayo, katika injini ambazo thamostati ikifunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu bila kupitia rejeta, kuiondoa huiacha njia hiyo wazi daima, na sehemu ya maji moto huzunguka bila kupozwa, kwa hiyo aliyeitoa ili kupunguza joto huweza kuliongeza.

Yanayobaki ni maji ya kujazia. Maji yaliyokenekwa, yanayouzwa kwa ajili ya betri, ndiyo bora, mradi mnunuzi asome chupa na asichukue tindikali ya betri iliyopangwa kando yake. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye mabati hufuatia kwa ubora, ila karibu na viwanda vya saruji vya Athi River ni vyema mvua ya kwanza ya msimu iachwe ipite, kwa kuwa huosha vumbi lenye chokaa. Kulanti, ambayo ni mchanganyiko wa glikoli na viambato vya kuzuia ulikaji, haitumiki hapa kwa hofu ya barafu. Hutumika kwa sababu ya viambato hivyo na kwa kuwa nusu kwa nusu na maji hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi kadhaa. Kwa injini zenye rejeta ya lehemu, wakarabati wengi hupendelea kulanti ya mtindo wa zamani yenye silikati, inayopaka alumini kinga upesi, na huiepuka ile ya asidi za kikaboni iliyobuniwa kwa injini za karibuni. Silikati huisha nguvu, kwa hiyo kulanti hiyo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, hata kama rangi yake bado inapendeza.

Injini iliyofungwa upya hupimwa kwanza ikiwa baridi, kwa pampu ya mkono inayofungwa mahali pa kifuniko cha rejeta na kupandisha shinikizo hadi kiwango cha kifuniko cha asili, na mshale wake ukikaa dakika kumi bila kushuka gari huweza kuingia barabarani. Kwenda Isinya na kurudi hakuthibitishi mengi. Jaribio la haki limo katika kaunti hiyohiyo, kwenye barabara ishukayo kutoka Corner Baridi hadi mji wa Magadi, ulio takriban mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, ambako gari huteremka bila taabu na kisha hulazimika kurudi likipanda ukuta wa Bonde la Ufa katika joto la mchana. Likifika juu mshale ukiwa mahali pake, klipu zote hukazwa tena siku ya pili injini ikiwa imepoa, na maji hukaguliwa kwa rangi kila wiki katika mwezi wa kwanza.